Hodi kwa Jupiter

Fungua kamusi nzuri ya Kiswahili kwenye neno ndege. Utamkuta kwanza yule mwenye mbawa na manyoya, kisha yule wa chuma anayebeba abiria, na chini kidogo, mahali ambapo wasomaji wa siku hizi hawafiki, utakuta maana nyingine: bahati, dalili ya jambo litakalomfika mtu. Wazee wa Pwani waliagana kwa kutakiana ndege njema. Bibi yangu, mzaliwa wa Pangani, akitoka asubuhi na kukutana na kitu kisichomridhisha, hata kama ni paka au mtu wa maneno mengi, alisema ameona ndege mbaya, akageuza. Mimi mtoto nyuma yake nilikuwa nikiangaza juu ya minazi kumtafuta ndege huyo.

Baadaye nikapelekwa seminari, na huko kulikuwa na padri Mwitaliano aliyetufundisha Kilatini kwa ukali na kwa mapenzi makubwa. Siku moja akaandika ubaoni neno auspicium, akalipasua katikati kwa mstari wa chaki. Upande mmoja avis, ndege. Upande wa pili specere, kutazama. Kazi ya kutazama ndege. Wenzangu walinakili kama wanavyonakili kila kitu. Mimi nilimwona bibi na paka wake.

Wala si Warumi na Waswahili peke yao. Kwa Wagiriki wa kale neno ornis lilikuwa ndege na lilikuwa pia dalili ya jambo lolote, hata likitokana na punda. Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu walikuwa na tiyara, kuipima safari kwa ndege anayeruka kuliani au kushotoni, na Uislamu ulipokuja ukaikataza. Binadamu anatazama juu. Huko juu kuna Mungu, na kati yake na Mungu anayeonekana akikatiza ni ndege. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Kinachohitaji maelezo ni pale Warumi wanapoachana na bibi yangu. Bibi alitaka kujua mwisho wa safari: nitauza, sitauza, nitarudi salama, sitarudi. Mrumi aliyetwaa auspicium hakuuliza nani atashinda vita wala mavuno yatakuwaje. Swali lake kwa mungu wake mkuu lilikuwa moja: Jupiter, unaridhia nifanye jambo hili leo? Jibu lilikuwa ndiyo au hapana, na lilikufa siku ile ile. Ndege wakikataa leo, kesho anauliza tena jambo lile lile, na hakuna aliyeona kwamba miungu imejipinga. Mpiga ramli akifanya kazi kwa mtindo huo atakosa wateja. Auspicium ilikuwa hodi. Anayebisha hodi haombi kuelezwa yaliyomo ndani ya nyumba. Anangoja kuambiwa karibu, na asipoitikiwa huenda zake akarudi baadaye.

Kwa mambo yajayo Warumi walikuwa na njia nyingine, na hizo hawakuzichanganya na hii. Walikuwa na vitabu vya Sibylla, vilivyofunguliwa kwa amri ya Seneti wakati wa balaa. Walikuwa na haruspices, mabingwa wa matumbo ya wanyama wa kafara, elimu waliyoichukua kwa majirani zao Waetruski. Mwaka 1877, karibu na Piacenza kaskazini mwa Italia, mkulima aliibua shambani ini la kondoo la shaba, limegawanywa vijumba vijumba vyenye majina ya miungu ya Kietruski. Ukilitazama unaona kabisa kwamba ni kifaa cha kujifunzia, kama ramani ya ukutani. Lakini ini ni la mtu anayetaka habari. Ndege walikuwa wa mtu anayetaka idhini.

Sasa tazama idhini hiyo ilivyoombwa. Konsuli, mmoja wa watawala wawili wa Roma, anayekusudia kuitisha mkutano wa uchaguzi aliamka baada ya usiku wa manane, kabla ya mapambazuko, akaketi ndani ya hema lililosimamishwa kwa kazi hiyo. Kiti kilikuwa kigumu, kisicholia wala kuyumba. Kulitakiwa kimya, silentium, nacho hakikuwa ukosefu wa kelele tu bali ukosefu wa kasoro yoyote: panya akilia, mtu akijikwaa, kitu kikianguka, shughuli imevunjika. Konsuli alimuuliza msaidizi wake kama kimya kipo. Cicero, mwanasiasa aliyeijua kazi hii kwa ndani, analalamika kwamba katika siku zake msaidizi alijibu papo hapo kuwa kipo, bila kuinua macho wala kugeuza shingo.

Kabla ya kutazama, uliwekwa mpaka wa kutazamia. Kipande cha anga na cha ardhi kilikatwa kwa maneno: kutoka mti ule mpaka mti ule, na kilichomo humo ndicho kitakachohesabiwa. Kipande hicho kiliitwa templum. Neno hili, ambalo katika lugha nyingi za Ulaya limeishia kuwa jengo la ibada, mwanzoni halikuwa na ukuta wala paa. Hekalu letu sisi limetoka mbali kwa njia nyingine: tumelipokea kwa Waarabu, na asili yake ni Mesopotamia ya kale, ambako lilikuwa na maana ya nyumba kubwa. Nyumba tangu mwanzo. Templum ya Warumi ilikuwa mpaka, na ndiyo maana jengo takatifu la Vesta, lenye moto usiozimwa, halikuwa templum, ilhali ukumbi wa Seneti ulikuwa templum, na uamuzi wa Seneti uliopitishwa mahali pasipo templum ulikuwa batili. Katika mji mdogo wa Banzi, kusini mwa Italia, wachimbaji wa miaka ya 1960 walikuta mawe tisa yamechomekwa ardhini kwa safu, kila moja na herufi za mkato: Jupiter, jua, ndege wa heri, ndege wa kukataza. Mtu aliketi hapo akitazama mbele yake, na mawe yakamwambia kila pembe ya anga ina uzito gani.

Mwanahistoria Livius anasimulia jinsi Numa, mfalme wa pili wa Roma, alivyosimikwa. Numa aliketishwa juu ya jiwe, uso kusini. Kushotoni kwake akakaa augur, mjuzi wa kanuni za ishara, kichwa kimefunikwa nguo, mkononi fimbo iliyopinda ncha, isiyo na fundo hata moja. Kwa fimbo hiyo, yeye mwenyewe akielekea mashariki, akaigawa nchi: kulia ni kusini, kushoto ni kaskazini. Kisha akaihamishia fimbo mkono wa kushoto, akaweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha Numa, na kumwomba Jupiter aonyeshe ishara zilizo wazi ndani ya mipaka ile. Ishara zikaja, Numa akashuka akiwa mfalme. Hata kushoto na kulia kulikuwa na utata wake. Sisi mkono wa kushoto tunauficha wakati wa kula na kusalimia. Kwa Warumi ndege wa kushoto, na hasa radi ya kushoto, ilikuwa heri, ingawa kwa kunguru mkubwa walimtaka awe kulia. Radi ya kushoto ilifaa kwa kila jambo isipokuwa mkutano wa kura. Ikipiga, mkutano unavunjwa. Shika jambo hilo, tutalikuta tena.

Ndege nao walikuwa na kazi mbalimbali. Tai na tumbusi walisema kwa namna walivyoruka. Kunguru na bundi walisema kwa sauti, na bundi alikuwa hapendwi Roma kama asivyopendwa Pangani. Mwandishi Plinius anaeleza kwamba mwaka 43 BK bundi aliingia ndani ya chumba kitakatifu cha Kapitolio, na mji mzima ukafanyiwa utakaso wa kuondoa uchafu. Huyo lakini hakuombwa. Alikuja mwenyewe, na elimu ya maaugur ilitenganisha vizuri ishara iliyoombwa na ile iliyojileta.

Hadithi maarufu ya ndege walioombwa ni ya ndugu wawili, Romulus na Remus, wakigombania mji ambao ulikuwa haujajengwa. Remus akapanda kilima cha Aventino, Romulus kilima cha Palatino. Tumbusi sita wakamtokea Remus. Habari ilipokwisha kufika, wakamtokea Romulus kumi na wawili. Wafuasi wa mmoja wakadai kwa kutangulia, wa pili wakadai kwa wingi, maneno yakawa ngumi, na Remus akauawa. Mimi hadithi hii huipenda kwa sababu ndege hawakusema lolote la uongo. Kila mmoja alipata ishara ya kweli. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kuisoma.

Ugomvi huo Roma iliuendeleza kwa karne nyingi, na hapa ndipo neno letu linapoacha kuwa la ndege na kuwa la utawala. Haki ya kumbishia Jupiter hodi kwa niaba ya umma haikuwa ya kila mtu. Familia za kale, mapatrisi, walishikilia kwamba ni yao kwa kuzaliwa. Makonsuli wote wawili wakifa kwa pamoja, ilisemwa kwamba auspicia zimerudi kwa mababa, yaani kwa maseneta wa kipatrisi, kama vile mali inavyorudi kwa ukoo. Watu wa kawaida walipodai nafasi ya ukonsuli katika karne ya 4 KK, hoja kubwa dhidi yao haikuwa kwamba hawana akili au hawana mali. Ilikuwa kwamba hawana auspicia: miungu haitawaitika. Wakaupata ukonsuli mwaka 367 KK. Miungu haikulalamika. Mwaka 300 KK sheria ya akina Ogulnius ikawaingiza hata katika chama cha maaugur: viti vinne vya mapatrisi vikaongezewa vitano vya watu wa kawaida. Baadaye dikteta Sulla aliwafanya 15, Julius Caesar akaongeza mmoja.

Chama hiki wengi hukielewa vibaya. Augur hakuwa mtumishi wa ibada anayeshinda madhabahuni, wala kwa kawaida siye aliyeiuliza miungu kuhusu vita na kura. Kazi hiyo ilikuwa ya konsuli au pretori. Augur alikuwa mwanasheria wa mbingu. Alijua kanuni, alishauri, na aliweza kusema kwamba jambo limefanyika kwa kasoro. Cheo kilikuwa cha maisha, na hata akihukumiwa kwa kosa kubwa hakuvuliwa. Akihudhuria mkutano wa kura alikuwa na maneno mawili, alio die, siku nyingine, na akishayatamka, maelfu ya watu waliokusanyika wanarudi nyumbani. Mwaka 44 KK Marcus Antonius, augur na konsuli kwa pamoja, hakutaka Dolabella achaguliwe kuwa konsuli. Akasubiri kura zote zipigwe, kundi kwa kundi, na kazi ilipokwisha ndipo akasema siku nyingine. Cicero alimshambulia vibaya kwa hilo, si kwa kutumia dini katika siasa, ambalo wote walilifanya, bali kwa kulifanya ovyo, asijue hata kanuni ya wakati wake.

Vitani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Jeshi haliwezi kungoja tai apite. Warumi wakatafuta ndege anayebebeka: kuku. Walifungiwa matunduni, wakatunzwa na mtu aliyeitwa pullarius, na siku ya kazi tundu lilifunguliwa, wakamwagiwa tonge za uji mzito wa nafaka. Wakila kwa pupa mpaka chakula kinawadondoka midomoni na kupiga ardhi, hiyo ni idhini iliyo bora kabisa. Wakikataa kutoka, wakipiga kelele au wakipeperuka, hapana. Ni wazi kwamba mtu anayewanyima kuku chakula tangu jana ana idhini yake mfukoni. Cicero ameyasema hayo kabla yangu, akiuliza hiyo ni ishara gani ikiwa ndege amefungiwa na njaa.

Mwaka 249 KK, katika vita vya kwanza na Carthage, konsuli Publius Claudius Pulcher alitaka kulishambulia kundi la meli za adui huko Drepana, mji wa Sisilia unaoitwa leo Trapani. Kuku hawakula. Claudius akasema kama hawataki kula basi wanywe, akaamuru watoswe baharini. Akapoteza meli 93. Polybius, anayevieleza vita vile kwa kirefu, kuku hawataji hata kwa neno moja. Kwake yeye tatizo lilikuwa meli kubanana ufukweni na makasia kugongana. Lakini Warumi waliwakumbuka kuku, wakamshtaki Claudius na kumtoza faini. Konsuli mwenzake naye alizidharau ishara mwaka ule ule, akapoteza meli zake kwa dhoruba. Jina lake lilikuwa Lucius Iunius Pullus. Pullus maana yake kifaranga, na hilo sikulitunga.

Jambo halikuishia hapo. Miaka mitatu baadaye dada yake Claudius, akitoka kwenye michezo, alibanwa na umati barabarani. Akasema kwa sauti kwamba laiti kaka yake angefufuka akapoteza meli nyingine, watu hawa wapungue. Wakamtoza sarafu nzito za shaba 25,000. Ukoo ule ulikuwa na ulimi.

Wengi huishia kwenye kuku waliotoswa, wakacheka, wakafunga kitabu. Mimi naona kisa kinachofungua neno lote ni kingine, cha mwaka 293 KK, huko Aquilonia, kwenye vita na Wasamniti. Konsuli alikuwa Lucius Papirius Cursor. Jeshi lilikuwa na hamu ya vita, na hamu hiyo ikamwambukiza hata mtunza kuku: kuku hawakula, yeye akapeleka taarifa kwamba wamekula vizuri mno. Papirius akafurahi, akatangaza vita. Watunza kuku wenyewe wakaanza kubishana, mabishano yakasikika, na kijana wa ukoo wa konsuli, mtoto wa ndugu yake, akaenda kumwambia ukweli. Konsuli akamshukuru kwa uangalifu wake. Kisha akasema, kwa maana hii: niliyoletewa mimi ni habari njema, na kwa watu wa Roma na kwa jeshi hili habari hiyo ni idhini kamili, aliyesema uongo amejitwika hasira ya miungu kichwani mwake. Akaamuru watunza kuku wapangwe mstari wa mbele kabisa. Kabla majeshi hayajakutana, mkuki uliorushwa ovyo ukampata yule mwongo, akafa. Papo hapo kunguru mkubwa akalia mbele ya konsuli, na konsuli akasema miungu iko nasi. Wakashinda.

Msomaji wa leo atasema Papirius alikuwa mjanja, na huenda alikuwa. Lakini kwa kanuni za Kirumi hakufanya ujanja wowote. Auspicium halikuwa tukio la ndege kula au kutokula. Lilikuwa tangazo lililopokelewa na mtu mwenye haki ya kulipokea. Hodi ilibishwa, mtu akatoka akasema karibu. Kama aliyesema karibu hakutumwa, hilo ni lake na mwenye nyumba.

Kwa mantiki hiyo hiyo tangazo sahihi lingeweza kubomolewa na kasoro ndogo ambayo hakuna aliyeiona. Tiberius Sempronius Gracchus, baba wa ndugu wawili mashuhuri, akina Gracchus, alisimamia uchaguzi wa makonsuli wa mwaka 162 KK. Akiwa nje ya mpaka mtakatifu wa mji, pomerium, alisimamisha hema lake, akaomba ishara, akazipata. Kisha akavuka mpaka kwenda Seneti, akarudi, akaendelea na kura. Mhesabu kura mmoja akaanguka akafa pale pale. Haruspices wa Kietruski wakaulizwa, wakasema msimamizi ana kasoro. Gracchus akawaka: ninyi Waetruski, washenzi, mtanifundisha mimi, konsuli na augur, sheria za Roma? Akawafukuza. Miezi ikapita. Akiwa jimboni kwake anasoma vitabu vya maaugur, akakumbuka kwamba alipovuka ule mpaka wakati wa kurudi hakuomba ishara upya, kama ilivyotakiwa. Hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kunyamaza. Akaandika barua kwa chama cha maaugur, chama kikapeleka shauri Seneti, na makonsuli wawili, mmoja akiwa Gallia na mwingine Corsica, wakaitwa, wakajiuzulu.

Kwa hiyo anayesema dini hii ilikuwa mchezo wa wanasiasa amtazame Gracchus. Na anayesema ilikuwa imani safi amtazame Marcellus, jemadari aliyeiteka Sirakusa na ambaye mwenyewe alikuwa augur: akiwa na jambo aliloazimia, alisafiri ndani ya machela iliyofunikwa pande zote, ili ishara mbaya isimfikie. Usichokiona hakikukatazi. Hilo nalo lilikuwa ndani ya kanuni.

Kanuni zilikuja kuvunjika kwa kuvutwa sana. Mwaka 59 KK makonsuli walikuwa Julius Caesar na Marcus Bibulus, wasioelewana hata kidogo. Bibulus alipotaka kuzuia sheria ya Caesar ya ardhi, wafuasi wa Caesar walimfukuza sokoni na kummwagia kinyesi kichwani. Akajifungia nyumbani kwake, na kutoka humo akawa anatuma tangazo kila Caesar anapoitisha mkutano: leo natazama anga. Ile radi ya kushoto ndiyo aliyoitafuta. Wala haikumlazimu kuiona; kutangaza tu kwamba anaangalia kulitosha, kwani ilichukuliwa kwamba atakayeitafuta ataipata. Kisheria, mikutano yote ya mwaka ule ilikuwa na kasoro. Caesar akapitisha sheria zake hata hivyo. Watani wa mjini wakawa wanaandika tarehe kwa kusema mwaka wa ukonsuli wa Julius na wa Caesar.

Cicero aliyaona yote hayo. Mwaka 53 KK akachaguliwa kuwa augur, heshima aliyoitamani kwa muda mrefu, na mwaka 44 KK akaandika kitabu cha mazungumzo kati yake na ndugu yake Quintus kuhusu utabiri. Quintus anatetea, Marcus, yaani Cicero mwenyewe, augur wa Roma, anabomoa hoja moja baada ya nyingine, kisha anasema desturi idumishwe kwa ajili ya umma na dola. Wako wanaomwita mnafiki. Mimi simwoni hivyo. Alikuwa anatenganisha mambo mawili ambayo neno lenyewe lilikwisha kuyatenganisha: kama ndege wanajua lolote ni swali moja, na kama kiongozi anapaswa kusimama kidogo na kuomba idhini kabla ya kutenda ni swali jingine.

Aliyelimaliza swali hilo la pili hakuwa mwanafalsafa. Octavianus, mrithi wa Caesar, alipoanza ukonsuli wake wa kwanza mwaka 43 KK, inasimuliwa kwamba tumbusi kumi na wawili walimtokea akiomba ishara, idadi ile ile ya Romulus. Tarehe 16 Januari mwaka 27 KK Seneti ilimtafutia jina. Wengine walipendekeza aitwe Romulus, likachaguliwa Augustus. Wasomi wa lugha wanalihusisha na augere, kuongeza, kukuza, na neno augur lenyewe wengi wao leo wanalitoa kwenye shina hilo hilo kuliko kwenye ndege: augur ni mwenye kuleta nyongeza na baraka. Padri wetu, kila siku ya kuzaliwa ya mwanafunzi, alimpa mkono na kumwambia auguri!, salamu ya Kiitaliano iliyobaki kutoka huko. Mwaka 8 KK mwezi wa Sextilis ukapewa jina la mtu huyo, nasi tunausema Agosti tukilipa kodi za nyumba na ada za shule.

Alichofanya Augustus ni kukusanya hodi zote mkononi mwake. Zamani jemadari aliyeshinda alikwenda vitani kwa auspicia zake mwenyewe, na ndiyo maana aliruhusiwa gwaride la ushindi ndani ya Roma. Sasa majemadari wakawa wajumbe wa mtu mmoja, wakipigana kwa auspicia zake hata kama yuko mbali. Mwaka 19 KK Cornelius Balbus alifanya gwaride lake kwa kuwashinda Wagaramanti wa jangwa la Libya. Baada yake, asiye wa familia ya mfalme hakuliona tena. Katika maandishi aliyoacha yachongwe baada ya kifo chake, ambayo nakala yake nzuri iko ukutani huko Ankara, Augustus anajivuna kwamba kwa amri yake na kwa auspicium lake majeshi mawili yaliingia Uarabuni na Ethiopia, moja likafika Mariba ya Yemen, jingine Napata, jirani na Meroe. Ethiopia hiyo ni Kush, Sudani ya leo. Augustus hakuwahi kuikanyaga. Ndege waliotazamwa, kama walitazamwa, walikuwa wake.

Wakushi walikuwa na la kusema pia. Waliivamia mipaka ya Misri ya Kirumi, na kati ya walivyoondoka navyo kilikuwa kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus, macho yake ya kioo na mawe yakiwa mazima. Wakakizika Meroe chini ya ngazi za hekalu la ushindi, kila aingiaye akikanyage. Mwaka 1910 wachimbaji wa John Garstang wakakifukua, kiko London.

Neno lenyewe lilibaki likipungua uzito. Katika harusi za Kirumi alikuwapo mtu aliyeitwa auspex, ambaye zamani alikuwa akitazama ishara alfajiri ya siku ya ndoa. Kufikia wakati wa Cicero alikuwa shahidi mwenye nguo safi na jina tu. Mwaka 392 BK Kaisari Theodosius alipiga marufuku kafara na ibada za kale, na biashara ya kuku na tumbusi ikaisha. Lakini makarani hawakuliacha neno. Ripoti za mikutano zinazoandikwa kwetu kuwa chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa, Waingereza, Wahispania na Waitaliano huziandika kwa neno hili la ndege. Na huko Austria, mwanafunzi aliyepata alama za juu kabisa tangu sekondari mpaka mwisho wa chuo kikuu hutunukiwa shahada ya udaktari sub auspiciis Praesidentis, kwa auspicia za rais. Hawezi kuipokea kwa alama peke yake: maombi hupelekwa, rais akiridhia anahudhuria sherehe, na mhitimu anavishwa pete.